Mkono Kwenye Koti

Kwa miaka kumi na tisa, Purvis, kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, alikuwa na kazi moja asiyoandikiwa popote: kumvuta koti bosi wake, kocha mkuu, asije akavuka mstari wa uwanja kumfokea refa na kuadhibiwa.

Sasa bosi huyo mzee amestaafu. Kocha mkuu ni Purvis.

Filimbi ikalia. "Mpira wao!"

"Wao? Macho umeyaacha nyumbani?" Purvis akachomoka mbio, ncha ya kiatu ikagusa mstari mweupe.

Ghafla koti likamkaba shingoni.

Akageuka. Nyuma ya benchi, kwenye viti vya mashabiki, mzee alikuwa ameling'ang'ania koti lake, bisi zimemjaa mdomoni, anacheka mpaka machozi.

"Niachie, mzee!"

"Kwani wewe uliniachia lini, kocha?"