Mdogo Wangu Gervas

Kaka yangu Gervas alizaliwa kabla yangu, lakini sasa mimi ndiye mkubwa. Alianza kwa kuigiza mtoto wa kambo kwenye tamthilia ya televisheni. Wasichana walipompenda, kituo kikamgeuza mwimbaji, na tangu hapo kila Jumatatu nesi huja kumchoma sindano ya kusimamisha umri. Mimi nina miaka ishirini na tano. Yeye, kwa sura na kwa sheria, ana kumi na sita, kwa hiyo hawezi kujisainia mkataba. Mama ndiye aliyekuwa akimsainia. Tangu tumzike, mlezi wake ni mimi.

Leo bwana wa kituo alikuja na mkataba mpya, nami nilikuwa nimeshaamua kukataa. Nilitaka Gervas aote ndevu, aoe, azeeke pamoja nami hapa hapa Ifakara.

"Sisaini," nilisema bila kumtazama mgeni. "Kaka, inatosha. Wenzako wana watoto."

"Wenzangu gani? Wale wenye vitambi?" Gervas alicheka, kisha akaona sitanii. Akaacha kutafuna muhogo wake. "Skola, nikikua nani atanitazama?"

"Mimi."

Yeye aliyekuwa akinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, akapiga magoti sakafuni mbele yangu.

"Shikamoo, dada," alisema. "Naomba. Nitaosha vyombo kila siku."

Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukaitikia, "Marahaba."

Bwana wa kituo akatabasamu, akanisogezea kalamu.