Kigoda cha Mama Tabu

Yunisi alizinduka kutoka usingizi wa mchana akakuta nyumba kimya. Jikoni maharage yalikuwa yanaungua. Kanga ya mama mkwe wake ilikuwa imeanguka kizingitini, na ndala zake palepale.

"Mama," aliita. Hakuna aliyeitika.

Asubuhi walikuwa wamegombana, na Yunisi, mlokole tangu usichana wake, alimwambia, "Sikusamehe hata tukikutana mbinguni." Sasa alizitazama tena zile ndala. Unyakuo umepita, aliwaza, Bwana amewachukua walio wake, nami nimeachwa.

Alitoka nje. Milango ya majirani ilikuwa wazi, watu hawapo. Akakimbilia kwa Mama Tabu, mpika pombe, ambaye kila Jumapili kanisani walikuwa wakimwombea kama mtu aliyepotea. Huyo lazima angekuwepo. Angalau wangekuwa wawili.

"Hodi," alisema kwenye mlango ambao hakuwahi kuukanyaga. "Mama Tabu, upo?"

Moto ulikuwa unawaka chini ya chungu. Kigoda kilikuwa kitupu, na mbele yake ndala za Mama Tabu, moja imelala kifudifudi.

Yunisi aliketi polepole kwenye kigoda kile. Pombe ilipoanza kufurika, alichukua upawa akaikoroga, akitazama mlangoni.