Mlango Unaosikiliza

Mlango wa wodi ya macho haukutaka kitambulisho. Ulimsikiliza tu mtu akimwita mgonjwa wake kwa Kiingereza cha kale, ukaamua kama ni jamaa. "Thou" ni la kumwambia mtu wako wa ndani. "You" ni la wakubwa na wageni.

Bi Zuwena alilijua somo hilo barabara. Lakini kila alipomwona mumewe kupitia kioo, macho yamefungwa bandeji, ulimi ulimgomea. Miaka arubaini hajawahi kumtaja jina. Alimwita Baba Salhina, tena kwa sauti ya chini. Leo amwite kama mtoto?

"You," alisema, siku ya tatu mfululizo.

"Wewe si jamaa," mlango ukajibu.

"Bibi, sema hilo jengine," muuguzi alimsihi. "Kesho anapasuliwa, na anadhani hukuja. Na huko ndani jizuie; neno lolote la heshima likikutoka, utatolewa."

Bi Zuwena akajitanda kanga vizuri, akafumba macho.

"Thou!" Sauti ilimtoka kali, hata yeye hakuijua. Mlango ukafunguka.

Akaenda mbio kitandani, akamshika mumewe mkono. Mzee Haroub akauchomoa taratibu, akageuzia uso ukutani.

"Muuguzi, nani huyu mliyemleta? Mke wangu ana adabu zake."

Bi Zuwena akafungua kinywa. Lilikuwepo jina moja tu ambalo mumewe angemtambua kwalo, na mlango ulikuwa bado unasikiliza.