Chumvi ya Shripad

Digambar alikuwa amelifunga dirisha la jikoni kwa waya na kubandika magazeti kwenye kioo, kunguru asije akaona hata mvuke wa sufuria. Joto la Mei lilikuwa linauchemsha mji mzima wa Pune, naye alipika mle ndani huku jasho likimchuruzika hadi visiginoni.

"Hakina chumvi," alisema Shripad mezani.

"Nimetia vijiko vitatu."

"Basi umetia kwenye sufuria ya jirani. Macho yamekwisha, mzee."

"Mzee wewe, uliyenitangulia miaka minne."

Shripad alicheka kile kicheko chake kinachoanzia puani. Miaka ishirini na miwili ya kitanda kimoja na jiko moja, na Digambar alikuwa bado hajakichoka. Akamwongezea mchuzi wa nazi na samaki mkavu juu ya wali, kisha akanyunyiza chumvi tena. Tangu wiki iliyopita ilikuwa chumvi, chumvi. Angeitaka bahari, angemmiminia.

Simu ililia. Alikuwa Mrunal, dada yake Shripad, ambaye hakuwahi kupiga namba ile.

"Bwana Digambar, tuko mtoni tangu asubuhi. Mabonge ya wali tumeyapanga kwenye jani. Kunguru wamejaa mtini, lakini hakuna anayegusa."

Digambar alielewa. Siku ya kumi ya msiba, kunguru akikataa kuonja, marehemu ana neno lililomkwama moyoni. Hataondoka mpaka wafiwa walitaje na kuahidi kulitimiza.

"Mmeahidi nini?"

"Kila kitu! Shamba la minazi haliuzwi. Mimi nitafunga kila Jumatatu. Wapi!"

"Kwa ukali wa baba yangu," Shripad alinong'ona, "kunguru gani atathubutu kusogea?"

Digambar aliiziba simu kwa kiganja. "Nyamaza wewe." Kisha akasema, "Hamkutaka nije, Mrunal. Leo kunguru wenu namjulia wapi?"

"Neno lenyewe unalijua. Nakuomba."

Alilijua. Alitazama kidole cha Shripad chenye rangi ya manjano ya bizari, kikichora duara ukingoni mwa sahani.

"Silijui," alisema.

Kidole kilisimama. "Mwongo," alisema Shripad, kwa upole uliomchoma.

Kwenye simu, Mrunal alikuwa analia. Kisha sauti yake ikapanda, sasa akisema na watu waliomzunguka.

"Sikilizeni! Nawe baba, sikiliza! Huyu niliyempigia si rafiki, wala si mpangaji. Ni shemeji yangu! Kuanzia leo ataingia kwetu kwa mlango wa mbele, na atakula pamoja nasi."

"Usiseme!" Digambar alipiga kelele. "Mrunal, nakusihi, usise—"

Alisikia mbawa, kisha umati ukiguna kwa pamoja.

"Amegusa, shemeji! Kunguru amegusa! Kaka yangu amepumzika!"

Digambar hakugeuka upesi. Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu, na sahani ya Shripad ilikuwa imejaa vilevile alivyoipakua, samaki mzima, wali umeganda. Alichota tonge, akatia mdomoni. Chumvi ilimkata ulimi.