Bomba la Mlimani

Kisiwani kule mtoto hapewi jina mpaka alazwe kwanza kwenye udongo wenye joto wa mlimani. Bi Shela alipanda na mjukuu wake mchanga asubuhi, akapiga magoti, akaweka kiganja chini. Baridi. Akasogea, akagusa tena. Baridi vilevile.

"Usijisumbue, bibi," alisema Mbaruku, mlinzi wa mtambo wa umeme, huku akitafuna muhogo. "Joto lote tumelivuta kwenye bomba hili. Si ndilo linalowasha taa mjini?"

"Kwangu haziwaki."

"Na nani aliapa umeme wa mlima hautaingia nyumbani kwake mpaka afe?"

"Mimi. Na bado sijafa. Tafuna unyamaze."

Mtoto akaanza kulia. Nyumbani pilau lilishaiva na wageni walikuwa wakingoja jina. Bi Shela alilitazama lile bomba nene lililovikwa bati, akaligusa kwa ncha ya kidole, kisha kwa kiganja kizima. Lilikuwa na uvuguvugu uleule wa udongo wa zamani.

"Geuka kule, mwanangu."

"Bomba haliguswi, bibi. Ni sheria."

"Wewe mama yako alikulaza wapi, kwenye friji?"

Mbaruku akacheka, akageuka. Bi Shela akakunja kanga, akaitandika juu ya bati, akamlaza mtoto na kumshikilia kwa mikono miwili. Kilio kikakatika.

"Haya, anaitwa nani?" aliuliza Mbaruku bila kugeuka.

Bi Shela aliinama kwenye sikio la mtoto, akamnong'oneza jina, na mvuke ukanguruma ndani ya bomba chini ya mikono yake, Mbaruku asilisikie.