Kicheko Mbele ya Jeneza

Walicheka hata kabla hajamaliza kusema, "Ndugu waombolezaji."

Mpiga mbizi akashusha maikrofoni, hasira zimempanda. Jamani, msiba gani huu? Safu ya mbele, kiti cha pili kutoka kwa mjane, karani wa karakana alikuwa ameuma leso, mabega yanamcheza.

Ni kweli, yeye mpiga mbizi kazini walimwita Vituko. Miaka yote yeye ndiye aliyewavunja watu mbavu wakati wa chai. Ndiyo maana mkewe alimwonya kwa simu asubuhi: "Baba watoto, leo utani weka kapuni." Naye aliuweka. Jeneza lilikuwa limepitishwa karakanani ili wenzake wamuage Mzee Nanga, mhandisi aliyelaza mabomba chini ya bahari maisha yake yote, mtu asiyeyumbishwa na yeyote. Kulikuwa na jambo ambalo marehemu hakuwahi kulisema nyumbani, kwa kuwa hakupenda kujisifu. Mjane alipaswa kulijua leo, kabla ya maziko.

"Mama," akaanza upya, taratibu, "mimi niko hai kwa sababu ya mumeo."

Kicheko kingine, kule nyuma. Washenzi wakubwa!

Akaendelea kwa ukaidi. Siku ile alikuwa kilindini, bomba linaning'inia juu ya kichwa chake, akaona mnyororo uliolishika unaanza kuachia. Akapiga kelele. Lakini gesi wanayovuta wapiga mbizi wa kina kirefu huigeuza sauti ikawa ya kifaranga, na wenzake kule juu wakadhani Vituko kaanza mambo yake. Wakaangua kicheko. Mzee Nanga peke yake hakucheka. Aliwasukuma kando, akasimamisha winchi iliyokuwa ikilishusha bomba, kwa mkono wake mwenyewe.

"Tulipotoka chini tukafungiwa kwenye tangi la chuma, shinikizo lipunguzwe kidogo kidogo, maana anayetolewa kabla ya siku zake hufa. Mzee akawa anakuja kila asubuhi, anakaa hapo nje, ananipigia soga mpaka..."

Karani akashindwa kujizuia. Akapasuka. Kicheko kikaambukiza safu nzima. Hata meneja aligeukia ukutani na kujifanya anakohoa.

Mpiga mbizi akatamani kuibamiza ile maikrofoni. Maneno aliyoyapanga tangu habari ya kifo imfikie yalikuwa yanaenda bure, na mjane alikuwa anamtazama tu, hajaambulia kitu. Nafasi nyingine ya kuyasema hadharani, mzee akiwa angali juu ya ardhi, haikuwapo. Uchungu ulimzidi, machozi yakamtoka.

Mjane akasimama.

"Nyamazeni! Kama haya hamna, mwogopeni hata Mungu!"

Karani akainamisha kichwa.

Mama yule akavuka mbele ya jeneza, akaja mpaka alipokuwa mpiga mbizi. Akaweka kiganja juu ya kioo kinene cha duara, akalisogeza sikio lake karibu kabisa na spika iliyofungwa kwenye ukuta wa tangi la chuma, ilikotokea ile sauti ya kifaranga.

"Anza mwanzo, mwanangu, wala usiharakishe. Huo mlango wako ukifunguliwa keshokutwa, tutakuwa tumeshamzika."