Mashine ya Mwisho

"Kitufe hicho usikiguse, mama. Kidhibiti kitasahau kila kitu," fundi alionya.

Mama aliondoa kidole kama aliyegusa kaa la moto. Kidhibiti cha gemu kilikuwa cha mwanawe. Siku kumi na tisa zilizopita kijana alitoka nyumbani na laptopu yake mgongoni, na hakurudi. Alichoacha ni hiki kidude cha plastiki, vitufe vyake vimelika kwa vidole gumba.

"Rafiki zake wanasema kuna mtu alikuwa akiandikiana naye humo ndani ya gemu," mama alimwambia fundi. "Siku zote alikiunganisha na laptopu yake. Wewe niunganishie na hii kompyuta ya mezani, niingie kwa jina lake. Huyo mtu nitamjua tu."

"Shemeji, unajitonesha kidonda."

Aliyesema alikuwa mdogo wa mumewe, aliyehamia chumba cha pili tangu kaka yake afariki. Alikaa karibu na mlango wa nje, viatu amevua, miguu imevimba kwa kuzunguka hospitali na vituo vya polisi na picha ya kijana. Akamtazama fundi juu mpaka chini.

"Na huyu binti anaweza kweli, au atatuachia moshi?"

"Baba, nyaya haziulizi nani kavaa sketi."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango ulioshika kutu.

"Sema hiki hakina hata waya," fundi aliendelea, akikigeuzageuza mkononi. "Kinakumbuka mashine moja tu, ile ya mwisho. Kikiwashwa kinaitafuta, hatua kumi kila upande. Visipoonana, kinajizima. Hapo ndipo nitabonyeza kile kitufe, kiisahau ya zamani, kikubali hii. Ila kwanza tuone kama betri ina uhai."

"Hiyo betri imekufa zamani," shemeji alisema upesi. "Iache, fundi. Utalipwa nauli yako."

Fundi akakiwasha.

Taa ndogo ya buluu ikameta. Ikameta tena, na tena. Kisha ikatulia, ikawaka moja kwa moja.

"Kimeshika!" Mama alipiga makofi, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, ona! Kimeshika!"

Macho ya fundi yalikuwa sakafuni, kwenye waya wa kompyuta ya mezani. Alikuwa bado hajauchomeka kwenye umeme.

Ng'ambo ya ukuta, katika chumba cha pili chenye kufuli mlangoni, muziki wa gemu ulianza kulia.

Shemeji alivaa viatu vyake taratibu, kimoja, kisha cha pili. Akasimama, akaufunga mlango wa nje, akazungusha ufunguo na kuutia mfukoni.

"Fundi," aliuliza kwa sauti ya upole, "kuna mtu anajua umekuja hapa?"